Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Guangzhou: huyo mtafsiri usimlipe kwanza

Mdogo wangu,

Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza kwenye daladala mpaka nikapitilizwa kituo, sa nakujibu hapa hapa hadharani. Kwanza acha kusema mkalimani, mkalimani ni wa mdomo, wewe unatafuta mtafsiri.

Unasema umempata mtu, bei poa, na kakuambia kutoa hadithi za kale za Kijapani kwenda Kichina ni kazi nyepesi kwa sababu herufi ni zile zile. Hapo ndo nikashtuka. Hizo herufi ndo mtego wenyewe bana! Chukua hii moja tu, 鬼. Mjapani anaisoma oni, ni jitu lina mapembe limeshika rungu la chuma, yaani zimwi kabisa kama yale ya bibi. Mchina anaisoma gui, na kwake huyo ni mzimu, mtu aliyekufa. Sasa Momotaro, yule mtoto aliyetoka ndani ya tunda la pichi, anavuka bahari kwenda kuwapiga oni kisiwani, ukiiacha herufi ilivyo mtoto wa Kichina si atajua kaenda kupigana na marehemu? Na tanuki je, kale kamnyama ka jamii ya mbwa kanakojigeuza umbo na kuwazuga watu kama sungura wetu, herufi yake 狸 kwa Wachina wa zamani ilikuwa paka mwitu, na siku hizi imo ndani ya neno lao la mbweha. Mtu wa "herufi ni zile zile" anapita hapo anapiga mluzi.

Halafu kitabu mnachotaka kitafsiriwe ni Tono Monogatari, yaani hadithi za Tono, cha 1910. Kina visa 119, mwandishi wake Yanagita Kunio alisimuliwa na Sasaki Kizen, kijana wa huko Tono, mkoa wa Iwate, Japani, ila akaviandika kwa Kijapani cha kitabuni cha zamani, kwa hiyo Kijapani cha kuangalia katuni hakimfikishi mtu popote. Na mkiongezea zile za mabibi wa Tono wenyewe ndo balaa, wao wanaanza na "mukashi attazumona" na kufunga na "dondohare", ni paukwa pakawa yao ile, ukiitafsiri neno kwa neno umeiua.

We tafuta Mchina anayeandika Kichina chake vizuri, aliyesoma mambo ya hadithi na mila, sio lugha tupu. Tena uko mahali penyewe, Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen hapo Guangzhou walikuwa na jarida la mila na hadithi za watu tangu 1928, na Zhong Jingwen, mtafiti wa hadithi aliyekuwa kwenye kundi hilo, akaja kusoma Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo. Nenda kagonge mlango kwa walimu, uliza wanafunzi wao. Na muulize bosi wako kitabu ni cha wasomaji wa China bara au wa Taiwan, maana uandishi wa herufi ni tofauti, usije ukalipia mara mbili.

Ukipata wawili watatu wape kisa kimoja kifupi, walipe hiyo kurasa (usiombe bure, nakujua), na waulize oni watamwitaje na kwa nini. Akikujibu haraka haraka bila kuuliza kitabu ni cha watoto au cha watu wazima, mwache aende. Majibu yao nirushie, hata saa saba usiku niko macho.

Kakako