Maksi za gemu ziseme lilichezwa kwenye mashine gani

Ndugu Mhariri,

Nimefurahi kuona ukurasa wako wa burudani wa Jumamosi umeanza kuhakiki magemu. Magazeti yetu yamezoea kuyataja pale tu mtoto anapotoroka shule, ilhali mjini hapa wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaoyalipia, wanaoyajua ndani nje, na wanaoyabishania kwa ukali uleule wa mashabiki wa Coastal Union wakitoka uwanja wa Mkwakwani. Watu hao wanastahili uhakiki ulioandikwa kwa ajili yao, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kinachonikera ni namba inayowekwa mwishoni mwa kila makala: 9 kwa 10, 8 kwa 10, wiki iliyopita 93 kwa 100. Namba hiyo haikutoka Tanga wala Dar es Salaam. Ukisoma vizuri unaona imeokotwa kwa wahakiki wa Marekani na Uingereza, waliocheza kwenye mashine mpya kabisa, kwa intaneti isiyohesabiwa bando, na gemu wakaletewa bure na kampuni kabla halijaingia sokoni. Kuletewa gemu mapema ni utaratibu wa kawaida wa kazi yao na siulaumu. Lakini msomaji wa Makorora au Mabawa anayekwenda kutoa hela yake mfukoni hajaambiwa lolote kati ya hayo. Ameonyeshwa tisa tu.

Mimi nina kibanda cha gemu Makorora, chenye PS3 na PS4, mashine za gemu za kampuni ya Sony. Kijana akiingia na kuniuliza, "Mjomba, lile la tisa unalo?", anachotaka kujua hasa ni kama atacheza na mwenzake, pedi mbili, TV moja. Uhakiki haukumwambia. Gemu lililotengenezwa kwa mtu mmoja kukaa peke yake usiku baada ya usiku na hadithi ndefu ya Kiingereza linaweza kuwa kazi nzuri sana, ila kwenye kibanda cha kulipia kwa mechi halina pa kukaa. Na gemu la ngumi lililopewa sita linaweza kujaza benchi mpaka saa ya kufunga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Cyberpunk 2077. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ililitoa tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, tena wakazuiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Maksi zikamiminika, tisa na kumi. Walionunua la PS4 wakakuta gemu linakwama, linajizima, sura za watu zinachelewa kujichora. Wiki moja baadaye Sony ikaliondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na halikurudi mpaka Juni 2021. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya maksi za wahakiki na kupiga wastani, toleo la kompyuta lina 86 na la PS4 lina 57. Jina moja, kava moja, pengo la maksi 29. Gazeti lolote lililonakili ile namba ya kwanza lilimpa mwenye PS4 habari za mashine ya mtu mwingine.

Kwenye mpira jambo hili limetukuta mara nyingi. Gemu la FIFA 19 ndilo la mwisho la FIFA kutolewa kwa PS3, na wenye PS3 hawakupata yale mapya yaliyosifiwa kwenye PS4. Walipata ya zamani iliyobadilishwa jezi na vikosi. Kwenye Switch, mashine ya kampuni ya Nintendo, EA inayotengeneza FIFA iliuza FIFA 20 na FIFA 21 kwa jina la Legacy Edition kwa mtindo huohuo. Tovuti ya uhakiki ya IGN ya Marekani ilipoifikia FIFA 21 ya Switch, ilichapisha tena uhakiki wake wa mwaka uliotangulia na kuipa 2 kwa 10. Huo ndio uhakiki ninaouheshimu, maana ulimtazama mwenye mashine ile na kumwambia kwamba anauziwa kitu alichokwisha kununua. Aliyesoma maksi za PS4 peke yake asingelijua hilo.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Sisi tumekulia kwenye maksi za NECTA, baraza letu la mitihani. Kidato cha nne 75 ni A, 45 ni C, na mwenye C anatembea kichwa juu. Kwa wahakiki wa magemu nusu nzima ya chini karibu haitumiki. Magemu ya kampuni kubwa yanaishi kati ya 70 na 95, na lenye 70 huhesabiwa kuwa limeanguka. Metacritic yenyewe hulipatia gemu rangi ya kijani kuanzia 75, wakati filamu huipata kuanzia 61, kwa hiyo hata wakusanyaji wanatambua kwamba maksi za magemu zimevimba. Mwandishi wako anapoweka 72 bila maelezo, mzazi anasoma B na kijana wake anasoma takataka. Wote wawili wanalisoma gazeti moja.

Zimevimba kwa sababu nyingi, ila moja ni pesa, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo. Mwaka 2010 studio ya Obsidian iliitengenezea kampuni ya Bethesda gemu la Fallout: New Vegas. Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo, alisema baadaye hadharani kwamba wangelipwa bonasi kama gemu lingefikisha 85 Metacritic. Lilipata 84. Maksi moja, ambayo mhakiki fulani angeweza kuitoa au kuinyima bila kujua imebeba posho za watu. Miaka mitatu kabla yake, 2007, Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men 6 kwa 10 wakati tovuti yenyewe imepambwa kwa matangazo ya gemu hilohilo. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012, alipokuwa huru kuzungumza, alieleza jinsi uongozi ulivyobanwa na watangazaji kwa ajili ya maksi. Ukurasa wako ukianza kupata matangazo ya maduka ya magemu, na ninaombea uyapate, mtangazaji asipewe nafasi ya kumsogelea anayeandika namba.

Jambo la tarehe nalo ni kubwa. Gemu la siku hizi haliishi kama lilivyozaliwa. Crash Team Racing Nitro-Fueled lilitoka Juni 2019, likahakikiwa na kusifiwa. Agosti ya mwaka huohuo kampuni yake, Activision, ikaingiza uuzaji wa sarafu za ndani ya gemu kwa pesa halisi, na maksi zikabaki zilezile. Mambo huenda upande wa pili pia. PES, gemu la mpira la kampuni ya Konami, ndiyo iliyovilea vibanda vyetu, na Konami ilipoigeuza kuwa eFootball 2022 na kuitoa bure tarehe 30 Septemba 2021, ilikuwa mbovu kiasi kwamba kampuni ililazimika kuomba radhi. Imerekebishwa mara nyingi tangu siku ile, na vijana wanaicheza kwenye simu kila kona. Maksi ya wiki ya kwanza haimwambii kitu anayeipakua leo. Basi uhakiki uandike gemu lilichezwa mwezi gani, toleo la ngapi, kwa saa ngapi.

Na uzito wake. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilipita gigabaiti 100, ilhali PS4 ya mwanzo inabeba 500 kwa jumla. Kwa mtu anayenunua bando la wiki, habari hiyo ina thamani kuliko aya tatu za sifa za picha.

Wapo watakaosema wahakiki waachwe, wachezaji wenyewe watoe maksi. Hilo nalo lina ubaya wake. The Last of Us Part II lilipotoka Juni 2020, maelfu ya watu walilipatia maksi sifuri ndani ya saa chache, kabla hawajapata hata muda wa kulimaliza, kwa hasira za hadithi iliyovuja. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka sheria kwamba mchezaji asubiri saa 36 tangu gemu litoke ndipo aandike maoni. Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ina njia ninayoipenda zaidi: kando ya kila maoni huonyesha mtu huyo amelicheza gemu kwa saa ngapi. Ukiona mtu amelaani gemu baada ya dakika kumi, unajua uzito wa kumpa. Hata gazeti la karatasi linaweza kuchapisha hilo, ni mstari mmoja tu.

Sikuombi ufute maksi. Eurogamer ya Uingereza ilizifuta mwaka 2015, na mwaka 2023 ikarudi na nyota, kwa sababu msomaji mwenye haraka anataka kitu cha kushika. Ninachoomba ni maksi zenye wenyewe. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza 1986, hutumia wahakiki wanne kwa gemu moja, kila mmoja na maneno yake machache na maksi zake kwa kumi, jumla arobaini. Gemu la kwanza kupata zote 40 lilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Uzuri wa mpango ule ni kwamba hauwafichi watu nyuma ya wastani. Unaona mmoja katoa tisa na mwenzake katoa sita, na unasoma kwa nini.

Ukurasa wako unaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Tafuta mwenye kibanda, mtu anayecheza kwenye simu ya kawaida isiyo ya bei kubwa, mwalimu au mzazi, na msichana, kwa sababu wasichana wanaocheza wapo wengi majumbani na sauti yao haijawahi kuchapishwa popote ninapojua. Wape gemu moja, waandike wanne. Siku nyingine wape zile pachi za PES, yaani matoleo yaliyobadilishwa na mashabiki, zinazochezwa kwenye simu kwa programu ya PPSSPP, ambazo vijana wa huku wamezitia jezi za Simba na Yanga. Hakuna mhakiki wa London atakayezigusa, na hapa Makorora zinachezwa kuliko gemu lolote ulilolipatia tisa mwaka huu. Mwingine ana kikosi kilichochelewa kusasishwa, mwingine yake inajizima kipindi cha pili, mwingine ana nzuri ajabu, na watu wanahangaika kuulizana kwa mdomo ipi ni ipi.

Mwandishi wako akifika Tanga, ninamkaribisha kibandani. Wateja wanaanza kujaa saa kumi jioni, wenye sare za shule hawaingii. Aje na gemu analotaka kulihakiki, alicheze kwenye PS4 yangu yenye feni inayonguruma, kwa pedi mbili, dhidi ya mtu ambaye hakuletewa gemu bure. Maksi atakazotoa hapo nitazibandika ukutani hata zikiwa nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye kibanda cha gemu,
Makorora, Tanga