Nguva hana nywele za kusuka

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Habari yenu ya nguva nimeichelewa, maana mimi magazeti nanunua kwa kilo, ya kufungia samaki. Nilikuwa namfungia mteja perege wa Mtera hapa sokoni Majengo, nikakuta picha ya mwanamke mwenye mkia, nywele hadi kiunoni, na chini yake mmeandika "nguva". Perege nikamfungia kwa ukurasa mwingine.

Mimi mzaliwa wa Mafia. Nguva nilimwona nikiwa darasa la tatu, amenasa kwenye jarife la babu, amekufa. Yule hupumua hewa kama ng'ombe. Wavu ukimzuia kupanda juu, dakika chache tu basi. Dude la kijivu, refu kuliko kitanda, midomo mizito imeelekea chini, kwa ajili ya kula nyasi za baharini. Lakini babu alipomgeuza, akina mama pale ufukweni walijifunika khanga usoni. Chuchu ni mbili, ziko kwapani, na zilikuwa zinatoka maziwa. (Wazee walikuwa na masharti yao kwa mvuvi aliyepata nguva, hayaandikiki gazetini.)

Nadhani hadithi ilianzia hapo. Baharia kakaa miezi hajaona mke, kinaibuka kitu chenye matiti, atasema nini? Columbus mwenyewe, Januari 1493, aliandika kuwa ameona watatu wa hao wanawake wenye mkia karibu na Hispaniola, kisiwa cha Karibiani, ila si wazuri kama wanavyochorwa. Inaaminika walikuwa manatii, binamu wa nguva wetu. Angalau yeye alikiri kuhusu sura!

Hata lile dude la mikono mingi la hadithi za mabaharia wa Norwei lina mwenyewe: ngisi wa vilindini, hufika mita kumi na zaidi ukipima na mikono. Wajapani walimpiga picha akiwa hai baharini mwaka 2004. Wateja wangu wa Dodoma wanaogopa hata ngisi wa kiganja, sishangai.

Kinachoniuma ni nguva. Jirani yangu wa meza ya pili, Mgogo wa Mvumi, aliniuliza kama nguva huolewa. Nani atamhurumia jini akinasa wavuni? Na waliobaki kwetu ni wachache, huko Rufiji, Mafia na Kilwa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mmoja, kisha hupita miaka kabla ya mwingine. Ndugu yao mkubwa wa bahari ya baridi, kati ya Urusi na Alaska, aliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1741. Kufika 1768 watu walikuwa wameshawala wote.

Tafuteni picha ya nguva mwenyewe, na mdomo wake ule. Siku mkiitoa, nitanunua gazeti zima asubuhi, kwa bei yake.

Muuza samaki,
Majengo, Dodoma