Imani iliyovaa koti jeupe

Mhariri,

Kuna hawa jamaa wanaosema kitu kisichopimika maabara basi hakipo, mi nawauliza tu, hiyo kauli yenyewe imepimwa maabara gani? Ni imani kama zingine, sema imevaa koti jeupe. Sayansi naiheshimu sana, ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 na ni chanjo iliyofanya ile kazi, hapo sibishani na mtu. Ila sayansi itakwambia sumu hii inaua kwa kipimo gani, haikwambii kwa nini usimtilie jirani yako kwenye kikombe.

Na sisi wa dini nasi tusijifiche. Georges Lemaître alikuwa padri na mwanafizikia, Mbelgiji, na mwaka 1927 ndo aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, halafu 1951 Papa Pius wa XII alipoihusisha nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang, yaani ulimwengu ulianza umebanana sana kisha ukatanuka) na uumbaji padri mwenyewe hakufurahia kabisa, hakutaka hivyo viwili vichanganywe. Sasa hawa wahubiri wanaodaka kila ugunduzi na kudai eti ulishaandikwa zamani, nadharia ikibadilika kesho watalifuta andiko au?

Msomaji wenu