Kabla hujaifuta Linux na kuanza upya

Wateja wengi wanaotuletea kompyuta zenye Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, huwa wameshaamua nyumbani wanachotaka: "Futeni yote, mniwekee upya." Tunajua ombi hilo linatoka wapi. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mashine ikisumbua inapigwa fomati, basi. Kwenye Linux kazi hiyo mara nyingi haina haja, tena ina hasara yake: mfumo huu huandika karibu kila kinachotokea ndani yake, na ukiufuta unafuta pia maelezo ya kilichoharibika. Kama chanzo ni diski inayokaribia kufa, utasakinisha leo na kurudi kwetu na shida ile ile, safari hii bila kumbukumbu ya kutuelekeza.

Hapa tunaeleza matatizo tunayokutana nayo sana kwenye Ubuntu, Linux Mint na ndugu zao waliotokana na Debian. Wenye Fedora au Arch wataelewa sababu, ila amri za apt, chombo cha kusakinisha programu, kwao hazipo. Mengi ya haya unaweza kuyamaliza mwenyewe bila kutulipa chochote.

Unaandika nenosiri, unarudishwa pale pale

Mashine inawaka vizuri. Unafika kwenye skrini ya kuingia, unaandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unaiona tena ile ile ya kuingia. Hakuna kosa lililoandikwa. Hapo mtu huanza kujaribu kila nenosiri analolikumbuka tangu aanze kutumia kompyuta. Sasa, nenosiri likiwa si sahihi, mfumo hukuambia wazi kwamba si sahihi. Ukirudishwa kimya kimya, ujue limekubaliwa. Kilichoshindikana ni hatua iliyofuata.

Mara nyingi diski imejaa. Unapoingia, eneokazi (desktop) linahitaji kuandika vijifaili kadhaa kwenye folda yako, kimojawapo kikiitwa .Xauthority. Nafasi ikiwa hakuna, haviandikiki, na eneokazi linajifunga kabla hujaliona.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini ya maandishi matupu. Andika jina lako la mtumiaji, halafu nenosiri. Hata nyota hazitatokea unapoliandika, usishtuke. Ukishaingia, andika:

df -h

Tafuta mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Ukiona 100%, chanzo umekipata. Punguza mzigo kwa amri hizi mbili, kisha uiwashe upya mashine (neno sudo huipa amri mamlaka ya mkuu wa mfumo):

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M
sudo reboot

Ya kwanza huondoa nakala za vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kubaki kwenye diski baada ya kazi yake kwisha. Ya pili hupunguza kumbukumbu za zamani za mfumo hadi megabaiti 200 hivi. Kwa kawaida hapo utaweza kuingia, lakini usiishie hapo, maana kilichoijaza diski bado kipo. Amri hii itakuonyesha folda zilivyo nzito, kubwa kabisa ikiwa chini (mstari wa mwisho, wa /, ni jumla):

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Tunachokikuta mara kwa mara ni folda ya Timeshift, programu inayokuja na Linux Mint na kuhifadhi nakala za mfumo ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Programu nzuri, tunaipendekeza. Tatizo ni kwamba watu huiambia ihifadhi nakala za kila siku, za kila wiki na za kila mwezi, zote kwenye diski ile ile. Nakala hizo zipunguzie ndani ya Timeshift yenyewe. Usiingie kwenye folda yake kufuta kwa mkono. Tena ieleweke: usipoibadilishia mipangilio, Timeshift haihifadhi picha wala nyaraka zako. Ni ya mfumo tu. Kuna wateja wamegundua hilo siku ambayo halikuwasaidia tena.

Kama df inaonyesha nafasi ipo tele, angalia nani anamiliki faili lile:

ls -l ~/.Xauthority

Ukiona neno root badala ya jina lako, kuna programu ya madirisha iliyowahi kufunguliwa kwa sudo ikalichukua. Lirudishe kwako:

sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority

Kazi imekwisha. Kwa tatizo hili watu wamefuta mifumo mizima.

Skrini nyeusi baada ya masasisho

Hapa hofu huwa kubwa zaidi, maana hata pa kuandika amri hapaonekani. Lakini Linux ina ukarimu mmoja ambao wengi hawaujui: kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, inapowekwa, ya zamani haiondolewi papo hapo. Washa mashine ukiwa umeshikilia Shift, au kwa mashine mpya zenye UEFI (mrithi wa BIOS katika kuwasha mashine) gonga Esc mara nembo ya mtengenezaji inapotoweka. Itatokea menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo. Chagua mstari ulioandikwa "Advanced options", halafu kerneli yenye namba ndogo kuliko ile ya juu kabisa. Mashine ikiwaka, endelea na kazi zako za siku. Tatizo liko kwenye kerneli mpya au draiva (programu inayoendesha kifaa fulani) iliyoshindwa kwenda nayo, na linaweza kungoja mpaka jioni.

Kwenye kompyuta zenye kadi ya NVIDIA chanzo huwa draiva. Draiva rasmi ya NVIDIA haimo ndani ya kerneli. Ni kipande cha pembeni ambacho lazima kilingane na kerneli iliyopo. Kama hata kerneli ya zamani inakupa giza, kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, kisha bonyeza F10. Picha itakuja, pengine mbaya na yenye herufi kubwa kupita kiasi, lakini utaona unachokifanya. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja tu, ukizima linapotea. Ukiwa ndani, fungua programu ya kusimamia draiva na uchague upya inayopendekezwa.

Kuna mtego mwingine hapa ambao hunasa hata wazoefu. Kama Secure Boot (kinga inayokagua saini za programu mashine inapowaka) imewashwa kwenye mashine yako, mfumo hukataa draiva isiyo na saini inayotambulika. Ndiyo maana unaposakinisha draiva ya NVIDIA, Ubuntu hukuomba utunge nenosiri. Unalitunga, unawasha upya mashine, na inatokea skrini ya bluu yenye maandishi "Perform MOK management" pamoja na sekunde zinazohesabiwa kurudi nyuma. Mtu anaona bluu, anadhani mashine imekufa, anaiacha. Sekunde zinaisha, mfumo unaendelea kuwaka, na draiva inabaki imekataliwa. Ulipaswa kugusa kitufe chochote, uchague "Enroll MOK", uendelee, uandike nenosiri lile ulilotunga. Kama ulishaipita, iite tena kwa amri hii, kisha uwashe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Ushauri wetu: nenosiri hilo liwe la tarakimu tupu, nane au zaidi. Skrini ya bluu hutumia mpangilio wa kibodi wa Marekani, na kama kibodi yako ina mpangilio tofauti, alama ulizozoea hutazipata mahali pake.

Wi-Fi, sauti na saa

Haya tuyapitie haraka.

Wi-Fi ikipotea, anza na rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock wifi. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi ubavuni mwa kompyuta au kitufe cha ndege kwenye kibodi, hakuna amri itakayokusaidia. Kama kadi yenyewe haimo kwenye orodha, huenda inahitaji draiva ya ziada, jambo la kawaida kwa kadi nyingi za Broadcom. Na draiva unaipakuaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux itaiona kama mtandao wa waya, bila kusakinisha chochote.

Sauti ikikatika, kwanza hakikisha haijahamia kwenye televisheni au skrini ya nje uliyoichomeka kwa HDMI. Fungua mipangilio ya sauti utazame inatokea wapi. Kama iko mahali pake na bado kimya:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Bila sudo. Ukiiweka, itatafuta huduma hizo kwa mkuu wa mfumo, na kwake hazipo.

Kwa wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, mambo mawili. Saa kupishana kila unapohama ni kwa sababu Windows huichukulia saa ya mashine kuwa ya eneo ulipo, Linux huichukulia kuwa ya UTC, saa ya kimataifa. Amri timedatectl set-local-rtc 1 huwapatanisha. Lakini saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila ukichomoa umeme, hilo ni betri dogo la ubao mama limekwisha, mara nyingi CR2032, na linabadilishwa kwa dakika chache. La pili: ukiona faili za Windows zinasomeka tu na haziandikiki, Windows haikuzimwa kikamilifu. Izime Fast Startup (uwashaji wa haraka) upande wa Windows. Usilazimishe kuandika kutoka Linux, utaharibu faili.

Amri za kunakili

Hapa tuna msimamo mkali kidogo. Nusu ya kazi ngumu tunazoletewa hazikuanza na tatizo la mfumo. Zilianza na tatizo dogo na amri iliyonakiliwa mahali fulani bila kusomwa.

Mfano ni huu. Unataka kusakinisha programu, unapata ujumbe "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Ukiutafuta mtandaoni, jibu la kwanza litakwambia ufute faili hilo la kufuli. Usifanye hivyo. Usome ujumbe mpaka mwisho: unataja programu iliyoshika kufuli, na mara nyingi ni unattended-upgr, yaani mfumo wako unasakinisha masasisho ya usalama wenyewe kwa nyuma. Subiri umalize. Ukifuta kufuli, programu mbili zitaandika kwenye hifadhidata moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo shida ya kweli inapoanza. Kama umeme ulikatika katikati ya usakinishaji, tumia sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt --fix-broken install. Hizo zinamalizia palipoishia.

Mbaya kuliko zote ni sudo chmod -R 777 / inayotolewa kama jibu la ujumbe wa "Permission denied". Inaondoa ruhusa maalumu ambazo sudo yenyewe inazitegemea. Amri inayofuata utakayoandika, sudo itakujibu kwamba haiwezi kufanya kazi tena, na hutaweza kurekebisha kwa njia ya kawaida. Hapo tu ndipo tunapokubaliana na mteja kwamba kusakinisha upya ni njia fupi.

Angalia pia umri wa maelekezo. Sauti kwenye Ubuntu ilihamia PipeWire tangu toleo la 22.10 la mwaka 2022, na Linux Mint ikafuata kwenye toleo la 22, lakini maelekezo mengi yaliyosambaa bado ni ya PulseAudio, mfumo wa sauti uliotangulia. Hayana uongo, ila yaliandikiwa mfumo ambao hauko nao.

Usipoigusa ndiyo bora

Kuna hali moja tunakuomba usijaribu kutengeneza lolote. Kompyuta imekuwa nzito ghafla, faili fulani hazifunguki, na unapotaka kuhifadhi kazi unaambiwa "Read-only file system". Huo ni mfumo kujilinda: umekuta kosa kwenye diski ukaacha kuandika. Andika:

sudo dmesg | grep -i "i/o error"

Mistari ikiwa mingi na inataja diski yako, zima mashine. Usiendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili, maana kuilazimisha diski inayokufa kusoma na kuandika zaidi kunaweza kuimalizia. Usisakinishe upya. Tutakachofanya sisi ni kuinakili diski nzima kwa ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi na kurudia zile ngumu baadaye, kisha matengenezo yote tuyafanye kwenye nakala.

Ukija, njoo na mashine, chaja yake, na picha ya ujumbe ulioonekana kwenye skrini, hata kama ni picha ya simu iliyopinda. Kama mashine inawaka, tuwekee pia faili hili kwenye flashi. Ni makosa ya mara ya mwisho kabla haijazimwa:

sudo journalctl -b -1 -p err > makosa.txt

Tuambie ulichojaribu, pamoja na zile amri za kunakili, hakuna atakayekucheka. Na kama diski yako imefungwa kwa usimbaji, usituandikie nenosiri kwenye karatasi: njoo uliandike mwenyewe tukiwa tumegeuka, kwa sababu bila hilo hata nakala safi kabisa ya diski haifunguki.