Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa walio zamu

Wauguzi, wakunga na madaktari wenzetu, pamoja na familia zenu: tunawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mola awajalie afya, amani na riziki. Salamu hizi ziwafikie zaidi ninyi mtakaosikia kengele za misa ya usiku mkiwa wodini na glavu mkononi, pilau yenu imefunikwa nyumbani.

Mwaka umekuwa mgumu, tusimung'unye maneno. Nauli juu, mchele juu, na mjamzito anayeambiwa aje na glavu, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika kitandani na pamba hathubutu hata kuuliza bei ya kitenge cha sikukuu. Nasi tumempoteza mkunga mwenzetu. Jedwali la zamu ukutani bado lina mwandiko wake wa kalamu nyekundu, unaishia katikati ya Agosti. Hakuna aliyelibandua.

Ndiyo maana mwaka huu tunamtaja Albertina Sisulu, mkunga wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi. Alianza mafunzo ya uuguzi Johannesburg mwaka 1940, akawa mkunga mwaka 1954, akitembea kwa miguu kwenda kuzalisha majumbani, sanduku la vifaa kichwani. Na Desemba inamhusu Mtanzania pia: Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifungasha wakaondoka, na Mama Sisulu ni mmoja wa waliosaidia kuwapata wauguzi 20 wa Afrika Kusini waje kuziba pengo. Wazee wetu wa kazi walifundishwa sindano na watu hao.

Maisha yake yote alipambana na neno moja, ruhusa. Mama yake alipofariki mwaka 1941, akiwa bado mwanafunzi, alinyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi Pretoria kupinga pasi, ile karatasi ya kumruhusu Mwafrika atembee katika nchi yake. Mkunga huuona ubaya wa karatasi kama hiyo kabla ya mwanasiasa, maana uchungu haungoji mhuri.

Kwetu pasi haipo, ila ipo "ngoja baba watoto arudi". Damu ikitoka kwa wingi baada ya kujifungua, mwanamke mzima wa afya anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili, na saa hizo huliwa na simu isiyopokelewa. Basi, akina baba, kabla hujapanda basi la kwenda kula sikukuu kwenu, acha nauli ya bajaji mkononi mwa mkeo, acha namba ya dereva, na tamka mbele ya mama mkwe wake kwamba uchungu ukianza anaondoka, haulizwi mtu. Ukiona aibu kuyasema hayo, jiulize aibu ya msiba utaibebaje.

Nanyi wa wodini, friji la oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke kwa wingi, si la soda. Mlango ukibaki wazi kidogo kwa sababu ya kreti, au umeme ukikatika usiku kucha, dawa inatoka kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 na nguvu inapungua. Rangi haibadiliki, kichupa ni kilekile. Utachoma yuniti 10 pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, umeshapapasa tumbo na kuhakikisha hakuna pacha, halafu mfuko wa uzazi unabaki laini kama unga uliozidi maji, nawe hujui kosa liko wapi. Someni kipimajoto asubuhi na jioni, hata tarehe 25. Dizeli ya jenereta ikaguliwe tarehe 23, maduka yakiwa wazi.

Damu nayo. Shule zikifungwa, wachangiaji wetu wakubwa wanakuwa likizo, na benki ya damu inakauka wakati ajali za barabarani zinaongezeka. Mwenye miaka 18 hadi 65 na kilo 50 au zaidi aje atoe chupa moja, mililita 450. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kunywa maji kwanza, usije na njaa ya mkesha.

Heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya wenye baraka tele kwenu nyote. Jedwali jipya la zamu tutalibandika pembeni ya lile la zamani.

Wakunga wenzenu