Nyumba ya Mkonze Isubiri, Tunakuja Kwenu

Göteborg, Uswidi
Mwishoni mwa Mei

Baba na Mama wapendwa, pamoja na Kaka, Wifi na watoto wote wa nyumbani,

Mbukwenyi! Baba na Mama, shikamooni. Sisi huku hatujambo. Mkwe wenu anaendelea na kazi, na mjukuu wenu kila asubuhi anauliza shule zitafungwa lini. Baridi imekwisha. Jua sasa linazama karibu saa nne usiku, na inabidi tushushe mapazia mazito ndipo mtoto apate usingizi.

Nianze na jambo lenyewe, maana najua Kaka ataisoma barua hii kwa sauti na Baba atamkatiza kabla hajafika katikati. Tumeamua, mimi na mkwe wenu, kwamba lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, ikishamwagwa na kumwagiliwa hadi ikomae, ujenzi wa nyumba yetu ya Mkonze, Dodoma, usimame mpaka Septemba. Mwisho wa Juni tunakuja nyumbani kwa likizo ya kiangazi, na safari hii hatuji kusimamia saiti. Tunakuja kwenu. Pesa ya mbao na bati ipo na haijaguswa, kazini hakuna aliyepunguzwa, na wala hatujagombana. Nayasema haya mapema ili Mama asilale na mawazo.

Sababu ni Mama mwenyewe. Jumamosi ile Kaka alipotupigia simu ya video kutuonyesha kozi za mwisho za tofali, alizungusha simu polepole, ukuta kwa ukuta, kama tulivyomwomba. Nyuma yake akapita Mama na ndoo kichwani, kanga imefungwa kiunoni. Akaitua, akachota kwa kopo, akaanza kumwagilia tofali zilizojengwa jana yake, kuanzia pembeni mwa mlango. Kijana wa maji hakuwa ametokea. Mama, nilikuita mara nyingi. Hukusikia, upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Mkwe wako alikuwa anamuuliza Kaka habari za nondo, akanyamaza palepale.

Usiku ule ndipo tulipozungumza. Kwa muda mrefu sasa simu zetu zote zimekuwa za saruji. Saa za huku ziko nyuma ya zenu kwa saa moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo fundi akiingia kazini asubuhi, simu inatuita tungali kitandani. Mkwe wenu akitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, anakaa mezani kupiga hesabu ya mifuko kabla hata hajavua koti. Mjukuu wenu anaijua nondo, ringi, mirunda na kokoto. Lakini muulize mtoto huyo chakula anachokipenda Bibi yake, hajui. Na sisi wawili tumekuwa tukizungumza kama mwenye mradi na msimamizi wake, siyo kama mke na mume. Nyumba tunaitaka kwa moyo wote, tena tunaitaka kuliko siku tuliyonunua kiwanja. Lakini tunataka tuingie humo tukiwa na nguvu, na nyinyi mkiwepo.

Huku mwezi wa saba nchi nzima inatulia. Sheria ya likizo inampa mfanyakazi siku 25 kwa mwaka, na inamtaka mwajiri amwachie wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Tulipofika tuliona kama anasa. Sasa naona ni busara kubwa ya watu hawa. Jirani zetu wa mtaa wa pili, mke na mume, wanajijengea nyumba kwa mikono yao wenyewe. Ni ya mbao, kama zilivyo nyingi za huku. Mume anakata, mke anashika upande wa pili na kupigilia misumari, jioni baada ya kazi na kila mwisho wa wiki. Wamefika kwenye paa. Kwa kuwa miezi ya baridi ni theluji na giza, na Desemba jua linazama karibu saa tisa unusu alasiri, ungedhani kiangazi hiki chenye mwanga hadi usiku wangekikamua chote. Hapana. Wamefunika mbao kwa turubai, wamekaza kamba, wamelaza ngazi chini yake, na sikukuu yao ya katikati ya kiangazi ikipita tu wanaondoka na watoto kwenda ziwani. Nilimuuliza yule mama kama haogopi kuchelewa. Akasema wanataka kuihamia nyumba hiyo wakiwa bado wanapendana.

Sasa, wao wana miezi michache tu ya kujenga bila theluji, na bado wanaweka nyundo chini. Sisi Dodoma mvua ikikatika Aprili hairudi mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba.

Baba, najua utakachosema: kiangazi ndicho kipindi cha kujenga. Ni kweli, na wewe ndiye uliyetusimulia jinsi watu walivyokuwa wakivuna uwele kwanza, kisha ndipo wanakusanyika kukata miti na kumjengea mtu tembe lake, udongo mpaka juu ya dari. Hatuukimbii msimu. Tunaahirisha miezi miwili tu. Tena upepo wa kiangazi wa kwetu haucheki na mtu, kazi yake haitaki haraka. Zege na lipu hukaushwa na upepo kabla hazijashika sawasawa, na maji ya kumwagilia ndiyo hayo ya kununua. Na bati refu likiwa mikononi mwa vijana wawili juu ya kenchi, zile mbao za kubeba paa, upepo ukalikamata, hapo siyo suala la kuchelewa tena, ni suala la uhai wa mtoto wa mtu. Tukianza kupaua Septemba, tunamaliza kabla ya wingu la kwanza, na bado Oktoba yote iko mbele yetu.

Najua pia kuna neno pagale, nyumba iliyoachwa bila kumaliziwa. Baba hapendi lisemwe kuhusu nyumba ya binti yake, hasa sasa ambapo kila ukipita Mkonze unakuta paa jipya limechomoza. Tangu Serikali ihamie na mji ukawa jiji mwaka 2018, mashamba tuliyokuwa tunakatiza kwenda kisimani yamekuwa mitaa. Lakini Baba, wewe ulikuwa kijana mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu yatakuwa Dodoma. Ulisubiri zaidi ya miaka arobaini kuona wizara zinahama kweli. Ulilima, ukasomesha, ukazeeka ukisubiri, na mji ukaja. Sisi tunaomba Julai na Agosti. Kiwanja kimeshaendelezwa, boma limesimama, hati iko kwako sandukuni. Hakuna wa kutunyang'anya.

Kaka, sasa nakugeukia wewe, maana mzigo wote uko mabegani mwako. Kama kuna hatua nzuri ya kusimamisha ujenzi ni hii ya lenta, kwa sababu inazifunga kuta zote pamoja na kuziba juu ya tofali. Lakini imalizwe vizuri. Nondo zikae nne za milimita 12 kama ilivyo kwenye ramani, hata fundi akisema mbili zinatosha kwa nyumba ya chini. Dodoma iko kwenye tawi la Bonde la Ufa na ardhi yetu hutikisika. Wewe mwenyewe umewahi kusikia vikombe vikigongana kabatini usiku. Ziwekewe biskuti, vile vipande vidogo vya zege, chini, zisilale juu ya tofali, ili zege lizifunike pande zote. Vipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji yasizidi kwa ajili ya kurahisisha kazi ya koleo. Na kabla halijamwagwa, waache vipande vya nondo nyembamba vimechomoza kila mahali kenchi itakapokaa. Hivyo ndivyo vitakavyolishika paa upepo ukija. Shemeji yako amesisitiza hili kuliko yote, nami naliandika hapa ili lisisahaulike kwenye simu: ukikuta havipo, simamisha zege kwanza.

Baada ya hapo ni maji tu. Ifunikwe magunia, na magunia yasikauke kwa wiki mbili, asubuhi, mchana na jioni. Nimetuma pesa ya boza la maji lijaze simtanki, na ya kijana wa kumwagilia peke yake, aje hata siku ambazo mafundi hawapo. Mama asibebe ndoo tena. Tafadhali sana, Kaka. Akija saiti, aje na kiti chake.

Mbao za pembeni fundi anaweza kuzifungua mapema, ila mirunda, ile miti inayoshikilia zege, ya pale sebuleni penye uwazi mpana, isiguswe mpaka zege litimize siku 28. Mbao zikishatolewa misumari zipangwe juu ya mawe, zisigusane na ardhi, maana mchwa wa Mkonze unawajua. Mifuko ya saruji ikibaki usiitunze, mpe jirani anayejenga atulipie mipya Septemba. Ikikaa miezi inaganda humohumo kwenye mfuko. Nondo za nguzo za baraza zilizochomoza zipakwe uji wa saruji zisishike kutu. Milangoni weka miiba, mbuzi na watoto wasiingie. Na fundi mweleze ukweli kuhusu Septemba ili atafute kazi nyingine katikati, na alipwe chake chote kabla hajakunja vifaa. Ametujengea vizuri, hatutaki ahangaike kutudai.

Hayo ya nyumba yanatosha.

Tukishuka Dar es Salaam tutalala usiku mmoja kwa Mama Mdogo, kisha tupande treni ya umeme. Tulivyoondoka safari ilikuwa ya kukesha ukifikiria basi, na mjukuu wenu hajawahi kuiona Morogoro kwa dirisha la treni. Tumechagua mwisho wa Juni makusudi, ili awakute binamu zake kabla hawajarudi shule Julai. Alale nao chini kwenye mkeka mmoja, agombanie nao uji, ajifunze Kigogo chao cha kuchanganya na Kiswahili. Huku anacheza vizuri na wenzake, lakini binamu ni kitu kingine.

Mimi nataka ugali wa uwele na mlenda, siyo siku ya kwanza tu ya kumpokea mgeni, bali kila siku mpaka mnichoke. Nataka kukaa jikoni na Mama na Wifi nichambue mboga bila kuangalia saa. Mkwe wenu anataka kwenda shamba na Baba akaone mizabibu, ingawa wakati huo zabibu zitakuwa bado changa. Anasema atabeba koti lake la huku, kwa sababu asubuhi za Julai za Dodoma anazikumbuka, na watu wa Göteborg hawamwamini akiwaambia Afrika kuna baridi.

Kisha tutakwenda Kondoa kwa mama mkwe. Hajamwona mjukuu wake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na kila tulipokuja kiwanja kilitaka tuwepo: mara mpimaji, mara kibali, mara mawe ya msingi. Safari hii tutakaa kwake siku za kutosha. Kabla ya kurudi tutafika Kolo tumwonyeshe mtoto michoro ya miambani. Nilisoma shule nzima mkoa huohuo bila kuifikia, na tangu 2006 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wazungu wa kazini kwangu waliniuliza habari zake nikawajibu ya vitabuni. Baba, kama magoti yanaruhusu, twende wote. Kuna kupanda kidogo, tutapumzika njiani.

Kaka, nakuomba jambo moja tena: usipange mkutano wowote na fundi bati, fundi umeme wala mtu wa madirisha tukiwa huko. Wakisikia tumefika watakuja wenyewe, nawe waambie Septemba. Tutapita kwenye boma jioni moja, wote pamoja, Mama atuonyeshe anataka jiko la nje likae upande gani, basi. Ramani bado inaweza kubadilika upande huo, na yeye ndiye anayejua moshi wa pale unaelekea wapi.

Mama, nitumie kwa Wifi namba ya kiatu chako, nisibahatishe. Baba, ile dawa ya macho nimeipata, lakini nataka kwanza daktari wako huko aione. Wasalimieni majirani, Shangazi wa Ntyuka, na wazee wote wa kanisani.

Kaka, zege likipangiwa siku, nipigie jioni yake. Na ukipiga, simu umpe Mama kwanza.

Ni sisi wanenu,
binti yenu na mkwe wenu