Elfu tatu kwa majina tu?

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye nyumba za wageni upande wa Casuarina, Malindi, alitoka dukani kwetu amenuna. Tulimwambia kuhamisha majina na namba za watu wake kutoka Outlook, programu yake ya barua pepe, hadi kompyuta mpya na kuyasafisha ni shilingi 3,000. "Elfu tatu kwa majina tu? Kijana wangu atanifanyia bure." Alhamisi akarudi na flashi mkononi.

Hatukumwongezea bei. Ila nataka wateja wetu wajue kilichotokea, maana hukumba watu kila msimu ukikaribia.

Kijana alitoa orodha Outlook ikawa faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi matupu, vizuri kabisa. Kisha akaibofya mara mbili, ikafunguka kwa Excel, akarekebisha majina mawili matatu, akahifadhi. Sasa Excel ikiona +254 na tarakimu zake, haijui kuwa hiyo ni simu, huichukua kama hesabu na kuifupisha. Tulipofungua flashi, safu ya simu ilikuwa 2.54722E+11 mstari baada ya mstari. Muuza samaki na fundi wa jenereta wamekuwa namba moja. CSV huhifadhi kile kinachoonekana tu, kwa hivyo tarakimu za mwisho zilikuwa zimekwenda, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kompyuta ya zamani nayo ilishafutwa. Tulikaa siku mbili tukizitafuta namba moja moja kwenye simu yake na chini ya barua pepe za zamani, pale watu wanapoweka sahihi. Kazi ya siku mbili hizo ilizidi thamani ya elfu tatu.

Mwaka jana meneja mmoja wa hoteli alijua kuwa baada ya +254 sifuri huondoka, akaziondoa sifuri kwenye orodha nzima. Kwa Kenya ni sawa. Lakini simu ya mezani ya Italia hubaki na sifuri yake: Roma ni +39 06. Wageni wake wazee wa Italia, wanaokuja Malindi miaka nenda miaka rudi, ndio hasa wenye simu za mezani. Hakumpata hata mmoja. Na kina Niccolò wote walikuwa wamegeuka NiccolÃ², kwa kuwa herufi yenye alama ilisomwa vibaya, jina ambalo huwezi kumwandikia mgeni ukategemea arudi.

Kwa hivyo sisi huanza na nakala, haiguswi. Safu ya simu tunaiingiza kama maandishi. Majina yaliyojirudia tunayapitia kwa macho, kwa sababu Ali Omar wawili wanaweza kuwa watu wawili kweli, na programu haijui hilo.

Tena, yale majina yanayojitokeza ukianza kuandika anwani si kitabu chako cha mawasiliano. Ni kumbukumbu tu ya uliowahi kuwaandikia, na hayamo kwenye faili ya CSV unayoitoa. Tuambie mapema tuyaokoe.

Ukija, njoo na kompyuta ya zamani vilevile ilivyo. Usiifute kwanza.